Mlembe akiita Liparamba, nani atamwitikia?

Historia ya Ruvuma tuliyofundishwa darasani ilikuwa ya machifu na vita. Wangoni wanavuka Zambezi, Songea Mbano, Mputa Gama, Majimaji, Wajerumani, Waingereza, kisha Uhuru. Sina ugomvi na historia hiyo hata kidogo. Lakini kila ninapopata likizo na kurudi nyumbani Mbinga, halafu nikashuka upande wa Ziwa Nyasa au kusini kule Liparamba, najiuliza swali ambalo mhariri wangu angelicheka mpaka machozi: na ndege je? Na popo je?

Viumbe hawa wameishi nasi tangu mababu. Wametuamsha, wametuibia vifaranga, wametuonyesha asali, wametutabiria mvua, wametutia hofu usiku. Mbona hawana hata ukurasa mmoja? Leo naomba uvumilivu wako ndugu msomaji, maana nitaandika kirefu kidogo. Chukua chai.

Kwa wasiopajua, Liparamba iko kusini kabisa mwa Tanzania, jirani na Mto Ruvuma, na ukivuka mto uko Msumbiji. Zamani tulikuwa tunasema Liparamba ya Mbinga. Tangu mwaka 2012 ni Liparamba ya Nyasa, baada ya wilaya mpya kumegwa na makao yake kuwekwa Mbamba Bay. Kuna kata ya Liparamba na kuna Pori la Akiba Liparamba, lenye ukubwa wa takriban kilometa za mraba 570. Ni nchi ya miombo. Huko juu Umatengo kuna baridi, kahawa na ngolo. Kule chini ziwani kuna joto, dagaa wanaoitwa usipa, na mihogo. Liparamba ni jambo la tatu: miti mingi, watu wachache, nyuki wengi.

Katika nchi hiyo ndege ni saa, kalenda na redio. Mwewe akipita juu ya uwanja, kina mama wanapiga kelele nyumba hadi nyumba na kuku mama anakusanya watoto wake. Mbayuwayu wakijaa angani, ujue mvua iko karibu, na baadhi yao wametoka Ulaya, wamevuka jangwa la Sahara bila pasipoti wala viza. Mumbi, yule ndege mkubwa mweusi anayetembea chini kama mchungaji wa kanisa, akilia alfajiri wazee wanaangalia mbegu zao. Ziwani, furukombe anapiga ukelele wake kutoka juu ya mti, na mnandi amekaa kwenye jiwe ametandaza mabawa kama mtu anayeanika koti. Wingu la nkungu likipanda juu ya maji mithili ya moshi, ndege wanalifuata. Bundi akitua juu ya paa, kuna mtu atatoka na kijinga cha moto kumfukuza, maana wanasema analeta taarifa ya msiba.

Yote haya ni elimu. Hatujaizoea kuiita hivyo kwa sababu haina cheti.

Sasa turudi nyuma kidogo. Wajerumani walijenga boma lao Songea mwaka 1897. Pamoja na askari na kodi, walikuja pia na madaktari wa jeshi, na madaktari hao walikuwa na kazi ya ziada ambayo haisemwi sana. Walikuwa wakikusanya. Mdudu, samaki, nyoka, ndege, jani, kila walichokiona waliua, wakakausha au wakatia kwenye spiriti, wakafunga kwenye masanduku na kupeleka Berlin.

Mmoja wao aliitwa Friedrich Fülleborn. Alifika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1896 na akazunguka sana Nyasa na Ruvuma mpaka mwaka 1900. Ukiwauliza wapenda ndege leo, watakutajia ndege wa Fülleborn: yuko mmoja mweusi wa misitu ya milimani, na yuko mwingine wa nyasi za nyanda za juu, mwenye kifua cha njano na kucha ndefu. Hata samaki wa Ziwa Nyasa yupo mwenye jina lake. Mwingine aliitwa Stierling, naye daktari wa jeshi. Huyu alipeleka ndege kutoka Songea, na mwaka 1901 mtaalamu wa ndege wa Berlin, Anton Reichenow, akiwa mezani kwake, alimtangazia ulimwengu kigong'ota mpya na kumpa jina la Stierling. Kigong'ota huyo ni ndege mdogo wa miombo yetu. Dunia nzima anapatikana kusini mwa Tanzania, kaskazini mwa Msumbiji na Malawi tu. Yaani ni mwenyeji wa huku kuliko mimi na wewe. Lakini vitabu vya kitaalamu vinamtambua kwa jina la daktari wa Kijerumani.

Hapa naomba tusikimbie. Sisemi kwamba sayansi ni mbaya. Bila kazi ile tusingejua leo kwamba kigong'ota yule ana eneo dogo la kuishi na anahitaji kulindwa. Ninachotaka uone ni kibandiko. Ngozi ya ndege ikihifadhiwa makumbusho, mguuni hufungwa kibandiko. Kwa kawaida huandikwa tarehe, mahali, na jina la aliyekusanya. Aliyemwonyesha daktari ndege yuko mti gani haandikwi. Aliyebeba sanduku kichwani kutoka Songea hadi ziwani haandikwi. Na jina ambalo ndege huyo alikuwa akiitwa na watu wa hapo, aghalabu nalo haliandikwi.

Na mkono uliokuwa ukipima mabawa ya ndege ulikuwa ukipima pia vichwa vya watu. Fülleborn huyo huyo alichapisha mwaka 1902 kitabu cha vipimo vya miili ya watu wa kaskazini mwa Nyasa, na mwaka 1906 akatoa kitabu kikubwa kuhusu eneo la Nyasa na Ruvuma, nchi na watu wake. Ukumbuke mwaka huo 1906. Tarehe 27 Februari mwaka huo, pale Songea, Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Majimaji zaidi ya 60 kwa siku moja, akiwemo Nkosi Mputa Gama. Songea Mbano naye aliuawa siku chache baadaye, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja mpaka Songea, akasimama mbele ya wajukuu na vitukuu wa Songea Mbano na kuomba msamaha, akaahidi kusaidia kukitafuta kichwa hicho.

Basi unaona kwamba historia ya ndege wa huku si jambo la watalii wenye darubini peke yao. Ni historia ile ile, imepita njia ile ile, kwenye masanduku yale yale.

Lakini kuna elimu moja ambayo Fülleborn na Stierling wasingeweza kuifunga kwenye sanduku hata kama wangetaka. Ukiua ndege mwenye elimu hiyo, unabaki na manyoya. Elimu yenyewe imekaa nusu kwa ndege na nusu kwa mtu. Nazungumzia mlembe.

Mlembe, wengine humwita kiongozi au ndege wa asali, ni ndege wa kawaida kwa umbo. Ni mdogo kuliko njiwa, rangi yake ya kahawia na kijivu, hana la kumringia mtu. Sifa yake ni kwamba anakula nta. Wanyama wachache sana wanaweza kumeng'enya nta, yeye anaweza. Tatizo lake ni kwamba nta imo ndani ya mzinga wa nyuki, mzinga umo ndani ya mti, na nyuki wana miiba. Hana shoka wala moto. Mtu anavyo vyote viwili, lakini mtu hajui mzinga uko wapi. Basi mlembe anakuja karibu na mtu, anapiga kelele za kuchachatika, anaruka mti mmoja mbele, anasubiri, anaruka tena, mpaka wanafika. Mtu anatoa moshi, anapasua mti, anachukua asali. Mlembe anabaki na masega.

Jambo hili limewashangaza wageni kwa karne nyingi. Padri mmoja Mreno, João dos Santos, aliyekuwa Sofala huko Msumbiji kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1580, aliona ndege anaingia kanisani kwake kudonoa mishumaa ya nta. Aliandika kwamba ndege huyo huyo huwaongoza watu kwenye nyuki, na kitabu chake kikatoka mwaka 1609. David Livingstone naye aliposafiri katikati ya karne ya 19 alisikia kwamba mlembe anaweza kumpeleka mtu kwa mnyama mkali badala ya nyuki. Akafanya kitu ambacho sisi waandishi wa habari tungekiita kura ya maoni. Aliwauliza watu zaidi ya 100. Mmoja tu ndiye alisema aliwahi kupelekwa kwa tembo. Wengine wote walikuta asali.

Wazungu waliosoma taarifa hizi huko kwao wengi walidhani ni hekaya. Aliyeipeleka habari hii kwenye vipimo vya kisayansi ni Mwafrika, tena wa hapa jirani: Hussein Isack wa Kenya, ambaye akiwa na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer walichapisha utafiti mwaka 1989 kuhusu Waborana wa kaskazini mwa Kenya. Katika eneo wasilolijua, warina asali walitumia wastani wa saa 8.9 kupata mzinga mmoja bila ndege. Wakiwa na ndege, saa 3.2. Kwa mtu mwenye njaa hizo ni saa nyingi mno.

Sasa tuje ng'ambo ya Ruvuma. Katika hifadhi kubwa ya Niassa nchini Msumbiji, Wayao bado wanarina asali na mlembe. Ni miombo hii hii, mto mmoja tu umekatiza. Mtafiti Claire Spottiswoode pamoja na Keith na Colleen Begg walichapisha matokeo yao mwaka 2016. Wayao wana mlio maalumu wa kumwita mlembe, mtikisiko wa ulimi na kisha mguno mfupi, kitu kama "brrr-hm". Wamefundishwa na baba zao. Watafiti walipopiga mlio huo porini kwa spika, nafasi ya kuongozwa na ndege ilipanda kutoka asilimia 33 hadi 66 ukilinganisha na sauti nyingine, na nafasi ya kuufikia mzinga ikapanda kutoka chini ya asilimia 20 hadi 54. Maana yake ndege anauelewa mlio. Anajua kwamba huyu anayeita ana shoka na nia.

Na si hilo tu. Huku kwetu Tanzania, Wahadzabe wa Ziwa Eyasi nao wanashirikiana na mlembe, lakini wao wanapiga mluzi. Mwaka 2023 Spottiswoode na Brian Wood walitoa utafiti mwingine: mlembe wa Uhadzabe aliitikia mluzi wa Kihadzabe zaidi ya mara 3 kuliko mlio wa Kiyao, na mlembe wa Niassa aliitikia mlio wa Kiyao karibu mara 2 kuliko mluzi wa Kihadzabe. Kwa lugha nyepesi, ndege wanajua lugha ya watu wa kwao.

Hebu tafakari jambo hilo. Mlembe hutaga mayai yake kwenye viota vya ndege wengine. Kinda anazaliwa ugenini, analelewa na ndege asiye wa jamii yake, na hana mama wa kumfundisha habari za asali. Lugha ya watu anaijifunza ukubwani kwa kuwasikia na kuona faida. Sasa watu wakinyamaza, atajifunza kwa nani?

Hili ndilo swali lililonifanya niandike leo. Mwaka 1955 mtaalamu wa Kimarekani, Herbert Friedmann, aliandika kitabu kizima kuhusu ndege hawa, na tayari wakati ule alieleza kwamba katika sehemu ambazo watu wameanza kununua sukari dukani na kuacha kurina asali, tabia ya ndege kuongoza watu inafifia. Ndege bado yupo, bado anakula nta akiipata, lakini hamfuati mtu tena. Kilichokufa ni mazungumzo.

Katika kijiji kimoja jirani na pori nilimkuta babu mmoja amekaa nje anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umetoka Dar?"

Tukaongea habari za mvua, za kahawa, za siasa kidogo, halafu nikamuuliza kama bado anamfuata ndege wa asali. Akacheka.

"Nilikuwa namfuata. Sasa nikimfuata, ananipeleka mpaka kwenye pori la serikali. Ndege hajui mpaka. Mimi naujua, naishia pale, yeye anabaki anapiga kelele peke yake."

Nikamuuliza kama wajukuu zake wanajua kumwita. Akanyoosha mkono kwa vijana wawili waliokuwa wanatengeneza pikipiki. "Waulize wenyewe." Niliwauliza. Mmoja alijua kwamba ndege huyo yupo. Mwingine alidhani natania.

Simlaumu mtu hapa. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza mtu kuingia pori la akiba bila kibali, na sababu zipo. Ujangili umemaliza tembo wengi katika ukanda huu wa kusini. Warina asali nao si malaika. Moto wao wa kufukuza nyuki huachwa ukiwaka, nao huunguza miombo, na mti wa miaka mingi huangushwa kwa ajili ya ndoo moja. Kwa hiyo wenye kulinda pori wana haki ya kuwa wakali. Ila tukiwa wakweli, tukubali kwamba tumelinda nusu moja ya jambo. Tumemhifadhi ndege na mti na nyuki, tukamtoa mtu anayeitikiwa na ndege. Ng'ambo kule Niassa watu wanaishi ndani ya hifadhi, na ndiyo maana mazungumzo yale bado yapo ya kupimwa.

Nimeahidi na popo, nisije nikaonekana mwanasiasa.

Popo ni kinyume cha mlembe. Mlembe tulikuwa tunamjua, tunamsahau. Popo tuko naye kila siku, na hatujawahi kumjua. Yuko kwenye dari la shule, yuko kwenye paa la bati la kanisa, jioni anamwagika nje kama mtu kamwaga njugu. Msimu wa maembe na masuku yuko juu ya mti anagombana na wenzake usiku kucha. Hadithi zetu zinasema si ndege wala si mnyama, kila upande unamkataa wakati wa kodi na wa vita. Tunamfukuza kwa moshi, kwa mawe, kwa manati.

Hofu ya popo ina historia yake hapa Tanzania. Mwaka 1995, miezi michache kabla ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, Pemba ililipuka kwa habari za popobawa. Watu walilala nje makundi makundi wakiota moto, hofu ikavuka hadi Unguja na hata Dar es Salaam, na huko Unguja mtu mmoja mwenye matatizo ya akili aliuawa na umati uliodhani ndiye popobawa. Jina lenyewe ni bawa la popo. Miaka ile ile, katika kisiwa kile kile, popo halisi alikuwa anakaribia kutoweka. Popo wa Pemba ni mkubwa, mla matunda, na hapatikani popote duniani isipokuwa Pemba. Ndugu zake wa karibu wako Madagaska, Asia na mpaka Australia, ambako katika jiji la Sydney watu wamegombana nao miaka mingi, hadi mwaka 2012 wakawafukuza kwenye bustani ya mimea kwa kupiga makelele ya spika. Pemba walikuwa wanaliwa na miti yao inakatwa. Mwaka 1989 watafiti waliona wachache tu. Katikati ya miaka ya 1990 walihesabiwa maelfu machache. Kisha vijiji kama Kidike vikaamua kulinda miti wanayolala, vikapokea wageni wa kuwatazama, na mwishoni mwa miaka ya 2000 idadi ikafika karibu 20,000. Hakuna miujiza iliyofanyika. Watu walimjua mnyama wao, basi.

Wapo watakaosema, wewe mwandishi unatetea popo, na Marburg je? Swali zuri, na sitalikwepa. Mwezi Machi 2023 Tanzania ilitangaza mlipuko wa Marburg Kagera, watu 6 wakafariki, na mwezi Januari 2025 ukatangazwa mwingine mkoa huo huo. Virusi hivyo hukaa kwenye popo mmoja wa mapangoni. Kwa hiyo usiingie pango la popo, usimshike popo, usile tunda lililotafunwa naye, na mkataze mwanao. Hilo halina mjadala.

Lakini sikiliza kilichotokea Uganda. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka waliambukizwa Marburg. Mwaka uliofuata watu wakaamua kuua popo wote wa mgodi ule, na waliua maelfu. Mwaka 2012 watafiti wakakuta popo wamerudi, wachache kuliko zamani, ila wenye virusi walikuwa zaidi ya asilimia 13, wakati kabla ya mauaji walikuwa kama asilimia 5. Na mwaka huo huo ugonjwa ukaibuka tena Ibanda, karibu na hapo. Hofu bila elimu iliongeza hatari badala ya kuipunguza.

Na popo hao hao wala matunda ndio wanaobeba mbegu za mikuyu usiku na kuzidondosha mbali na mti mama, kwenye mashamba yaliyoachwa, ambako msitu unaanza upya. Tena hawaheshimu mipaka kuliko hata mlembe. Kila mwaka kati ya Oktoba na Desemba makundi makubwa sana yao hukusanyika kwenye kipande kidogo cha msitu huko Kasanka, Zambia, kisha hutawanyika tena.

Sasa nikusanye haya yote. Kigong'ota tulinyang'anywa jina lake likaandikwa la mwingine. Popo tulimpa jina la zimwi tukaacha kumwangalia. Mlembe bado ana jina, bado anaita, lakini tunakaribia kupoteza sauti ya kumjibu. Mambo matatu tofauti, ila mzizi mmoja: tumekubali kwamba elimu ya viumbe vyetu ni ya watu wengine, na tuliyo nayo sisi ni ya kizamani. Kichwa cha Songea Mbano tunakidai, na tuna haki ya kukidai. Lakini elimu ambayo haikuwahi kuibwa, ambayo imekaa hapa hapa Liparamba kwenye ulimi wa babu anayechonga mpini, hiyo hakuna rais wa nje atakayekuja kuomba msamaha kwa kuipoteza. Tutaipoteza sisi wenyewe, kimya kimya, huku tunatengeneza pikipiki.

Cha kufanya hakihitaji mabilioni. Kwanza, majina. Mwalimu wa darasa la tano Liparamba, Mpepo au Lituhi akiwaambia watoto waende nyumbani wakaulize majina ya ndege 20 kwa Kimatengo, Kinyasa, Kingoni na Kiyao, kwa wiki moja atakuwa na kamusi ambayo haipo maktaba yoyote. Pili, warina asali wachache wanaojulikana, wanaozima moto wao na wasioangusha mti, wanaweza kupewa vibali maalumu vya msimu kuingia sehemu za pori wakifuatana na askari wa wanyamapori. Askari hao watapata macho ya ziada dhidi ya majangili, na mlembe atapata mtu wa kuzungumza naye. Tatu, vijana wafundishwe kuita. Hili haliwezi kusubiri, maana wanaojua ni wazee, na wazee hawangoji bajeti.

Ukiwa na babu au bibi wa Nyasa, Mbinga, Tunduru au Namtumbo, mpigie simu leo. Muulize ndege wa asali anaitwaje kwa lugha ya kwenu na anaitwa kwa sauti gani. Mwambie akuonyeshe hiyo sauti hapo hapo kwenye simu. Halafu irudie mpaka akuambie umepatia.